Hadithi Iliyoingia Ukutani

Chumba chetu cha Kariobangi, Nairobi, kilikuwa cha mbao na udongo, na upepo uliingia popote ulipopata upenyo. Kila Desemba, kama majirani wote, tulibandua ukutani magazeti yaliyoshika moshi wa jiko na kubandika mengine kabla ya Krismasi. Mume wangu, fundi wa mbao katika soko la Gikomba, ndiye aliyeyaleta. Mimi nilikoroga unga wa ngano kwa maji moto mpaka ukawa gundi.

Miaka ya sabini ilikuwa inakwisha, na binti yetu alikuwa darasa la pili. Hatukuwa na vitabu, kwa hiyo alijifunza kusoma ukutani. Alianza na tangazo la sabuni juu ya kitanda, herufi kubwa, akaendelea na habari ndogondogo. Mimi niliishia darasa la nne. Tulisoma pamoja polepole, kidole changu kikifuata chake.

Siku moja alipata hadithi kando ya kabati. Mtu amerudi kutoka safari, anasikia sauti ndani ya nyumba yake, anasukuma mlango. Hapo ukurasa ukaisha.

"Mama, aliona nini?"

"Inaendelea upande wa pili."

"Wapi?"

"Huo uliobandikwa."

Nilienda mferejini kuteka maji. Niliporudi, alikuwa ameloweka ukuta na anaukwangua kwa kijiko. Gazeti lilitoka vipande vipande pamoja na udongo, na halikusomeka tena. Baba yake akaingia, akasimama mlangoni.

"Nani amekula ukuta?"

"Hadithi imeingia ndani, baba."

"Sasa tubomoe nyumba tuitafute?" Alicheka. Mtoto hakucheka.

"Labda alimkuta mama yake, ametoka mashambani na mahindi," nikajaribu.

"Mama yake angebisha hodi kwanza." Akaweka kijiko chini. "Mimi sisomi tena ukuta. Hausemi mpaka mwisho."

Na kweli hakusoma. Nilimwita jioni ile na iliyofuata, akasema macho yanamuuma. Niliogopa. Nami niliacha kusoma hivyo hivyo nikiwa mdogo, na hakuna aliyeniita nirudi. Sikuwa na kitu kingine cha kumpa.

Jumamosi ilibidi tuzibe pale alipokwangua. Nilikoroga gundi, nikaweka magazeti mbele yake.

"Leo hatubandiki karatasi kabla hujasoma pande zote mbili. Wewe utasema upi utazame nje."

Alinitazama kama ninamtania. Kisha akavuta karatasi moja, akaisoma, akaigeuza. Tulikaa hapo mpaka gundi ikaganda, nikakoroga nyingine. Jirani akachungulia.

"Wewe mama, unabandika ama unasoma? Huo ukuta utakauka Pasaka!"

"Acha ukauke Pasaka," binti yangu akamjibu bila kuinua kichwa.

Toka siku hiyo hatukubandika kwa njia nyingine. Hadithi ikiwa imekatika pande zote mbili, aliimalizia mwenyewe kwa penseli pembeni mwa ukurasa, maandishi yakipanda juu kidogo. Baba yake hakuruhusu mtu kupiga msumari hapo.

Krismasi kadhaa zikapita hivyo. Kisha akaugua wakati wa mvua ndefu, na hatukurudi naye kutoka hospitali. Sina maneno mengi ya jambo hilo.

Desemba ilipofika, mume wangu alileta magazeti. Pale palipokuwa na penseli hatukugusa. Tukaanzia upande wa dirisha. Alipaka gundi ukutani, akanyoosha mkono nimpe karatasi. Sikumpa. Nilisoma upande mmoja kwa sauti, nikaigeuza, nikasoma wa pili. Alingoja, gundi ikimtiririka mpaka kiwikoni.

"Upi?" nikamwuliza.

"Sijui," akasema. "Soma tena."