Mihogo Penye Nyumba ya Wandera

Mimi ndiye niliyeandika karatasi ya kuieleza kaunti yetu kwa muhtasari: watu, afya, kilimo. Ofisini walinipigia makofi. Nyumbani hapa Busia mama yangu alikuwa akimimina chai nje ya kikombe kwa sababu ya mtoto wa jicho, na kila nikimtajia upasuaji alisema, "Siendi. Mniletee Wandera kwanza." Wandera ni mdogo wangu, fundi wa pikipiki aliyehamia Kampala miaka mingi na hajarudi. Nikafunga safari kumleta. Niliona ni kazi ndogo kwa mtu anayeijua kaunti nzima.

Asubuhi nikavuka mpaka, nikapanda basi. Njia nzima sikutazama nje kama msafiri, nilikagua. Miwa, safi. Mahindi, yamechelewa. Mama mmoja mwenye kuku alivumilia mhadhara wangu wa lishe hadi Jinja, kisha akahamia kiti cha nyuma na kuku wake. Mimi nilifurahi kupata nafasi ya miguu.

Mchana nilifika Luzira, mtaa wa Kampala. Wandera alinipokea barabarani, mikono imejaa oili, akanipa kiwiko nikisalimie. Anaishi upande wa Port Bell na mkewe Atim, aliyelelewa katika kambi ya polisi na kujifunza Kiswahili huko, pamoja na watoto ambao sikuwa nawajua hata mmoja. Kabla sijaketi nilikuwa nimeshakagua sukuma zao za kwenye magunia na kuuliza kama wote wanalala ndani ya neti.

"Shemeji, kwanza kula," Atim akaniambia. "Maneno ya neti iko tu."

Tukiwa kwenye matoke na mchuzi wa karanga nikamweleza Wandera habari za macho ya mama. Akaacha kutafuna.

"Nitakuja," akasema, "lakini si sasa."

Nikaona nimtie hamu ya nyumbani kwa kilimo. Nikamsifia shamba lilivyostawi. "Hatubakishi hata shubiri! Mihogo imefika langoni. Hata pale palipokuwa pajengwe nyumba yako nimepanda, imekuwa minene ajabu!"

Mnaosoma huku kwetu najua mmeshashika vichwa. Kwetu mwanamume aliyeoa haruhusiwi kulala ndani ya nyumba ya mama yake, na mkewe vilevile. Asiye na nyumba yake bomani hana pa kulaza ubavu. Nami nilikuwa nikimtangazia ndugu yangu, mdomo umejaa matoke, kwamba mahali pake pameshapandwa.

Atim akaweka mwiko chini. "Banange, shemeji! Mimi nauliza tu. Kama tunafika huko, tunalala wapi? Ndani ya muhogo?"

"Unaona, ndugu?" Wandera akasema polepole. "Ndiyo maana siji. Nije nilale gesti ya sokoni kama mgeni, watoto wangu wakiona?"

Niliona aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Nikatoka uani nikampigia mke wangu simu, nikamwomba atafute vijana waing'oe mihogo yote. Nikamsikia mama kwa nyuma akiuliza kuna nini, kisha laini ikakatika. Niliporudi ndani nilimwomba Wandera msamaha mbele ya mkewe. Akasema atakuja kuona mwenyewe, na akikuta mihogo imesimama anageuza siku hiyohiyo.

Kesho yake tulirudi sote. Sikukagua chochote. Nilimbeba mtoto mdogo, akanikojolea kabla ya Mukono, nikaona ni haki.

Jioni tukaingia langoni. Mihogo yote ilikuwa imelala chini, na miche yangu ya parachichi, ya kuwaonyesha wakulima, imelala pamoja nayo. Vijana walikuwa wakifunga turubai la kulalia wageni. Mama hakuwangoja vijana hao: alikuwa ameing'oa kwa kupapasa, na sasa ameketi katikati ya shamba, udongo hadi viwikoni. Hapo nilijifunza kwamba nilikuwa nimejua idadi ya watu wa kaunti bila kuwajua wa bomani kwetu.

Wandera akapiga magoti. Mama akampapasa uso, akalia, akapapasa kichwa cha kila mtoto. Kisha akaushika mkono wa Atim.

"Mwanangu, mlango wa nyumba yenu uelekee wapi?"

"Huku kwako, mama."

"Haya. Kesho nipelekeni hospitali," mama akasema. "Nataka kuiona ikijengwa."