Shamba Nililompa Marehemu Baba

Nilimmilikisha marehemu baba shamba ambalo halikuwahi kuwa lake. Nilifanya hivyo nimekaa mezani, chai pembeni, kwenye fomu ya mahakama, tena kwa mwandiko mzuri. Palipoandikwa "mali za marehemu" nilianza na nyumba yetu ya Kihonda. Nikaona nafasi kubwa imebaki, nami sipendi kuacha karatasi wazi, nikaongeza shamba la mlimani, njia ya Mkuyuni, alilolilima baba maisha yake yote.

Mluguru anayesoma hapa ameshashika kichwa. Kwetu ardhi ya mlimani hufuata upande wa mama. Baba alilima pale kama mtoto wa ukoo wa mama yake. Akifa, shamba linabaki kwa ukoo huo, yaani kwa dada yake na watoto wa dada yake. Sisi watoto wake ni wa ukoo wa mama yetu. Hayo niliyajua tangu utotoni. Kalamu ndiyo iliyonisahaulisha.

Kilichotupeleka mahakamani ni nyumba. Wapimaji walikuwa mtaani kwetu wakiandikisha viwanja ili watu wapate hati, na nyumba ilikuwa bado kwa jina la marehemu. Mama alitaka iwe yake kabla zoezi halijafungwa, na sisi watoto wote tuliafiki. Ila jina halibadiliki mpaka mahakama iteue msimamizi wa mirathi. Dada yangu akasema tuweke wakili. Nikamwambia wakili wa nini, fomu ni ya Kiswahili na mimi nimemaliza kidato cha nne.

"Kumaliza ulimaliza," akasema. "Habari ya kufaulu ndiyo sijaisikia."

Kazi nikapewa mimi hata hivyo, kwa kuwa ndiye ninayekaa na mama na sina safari. Kikao cha familia, ambacho lazima muhtasari wake uambatane na fomu, nikakifanyia sebuleni: mama, watoto watatu na sinia la mihogo. Kumwalika shangazi kutoka mlimani niliona ni kumsumbua. Kumsumbua yeye, msidhani ni uvivu wangu wa kupanda.

Tangazo likabandikwa, siku za kusubiri pingamizi zikapita. Siku ya kusikilizwa nikavaa shati la kanisani. Hakimu akauliza kama kuna mwenye pingamizi, na kwenye benchi la nyuma akasimama shangazi, kitenge kimefungwa cha safari.

"Sina neno na nyumba, mheshimiwa. Nyumba kajenga kaka yangu. Lakini shamba ni la mama yetu, na hicho kikao mimi sijakiona."

Hakimu akanitazama juu ya miwani, akaahirisha, akatuambia tukakae upya kama ndugu.

Basi nikaenda kwa wakili, mjini, bila kumwambia dada. Nilitarajia anisomee kifungu cha kumnyamazisha shangazi. Akaipitia fomu yangu, akauliza, "Huyu shangazi yako, mara ya mwisho ulimwamkia lini?"

Nikaanza kuhesabu. Akanirudishia karatasi.

"Ukitaka nipambane naye nitapambana, na wapimaji hawatamsubiri mama yako. Mkishindwana kabisa, njoo. Hili lako linataka miguu."

Nikapanda. Bodaboda ilinifikisha mahali barabara inapokomea, njia iliyobaki niliimaliza kwa kupumzika. Shangazi alikuwa akiosha karoti za soko.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Kumbe njia unaijua. Mimi nilidhani wewe ulipandwa pale sebuleni, ukimwagiliwa na mama yako."

Nikaomba radhi. Hakusema amenisamehe; alinisogezea beseni. Niliosha karoti mpaka vidole vikakunjamana, ndipo akasema tuje Jumapili baada ya misa. Tukaja na mama, ukoo ukakaa barazani kwake. Kwenye muhtasari mpya shamba halikuwamo, nyumba ilibaki, na shangazi akaweka dole gumba juu ya majina yetu yote, akisema ndiko anakokaa mkubwa.

Mahakamani safari hii hakusimama mtu. Niliteuliwa msimamizi, na mama akaandikishwa kabla wapimaji hawajahama.

Siku hizi mtaa unaniuliza, nami najibu bila kusita: nyumba moja, ndugu wanaosemezana, fungua mirathi mwenyewe. Karani atakuelekeza, usijifanye unajua. Pakiwa na ugomvi, au mke wa pili aliyejitambulisha msibani, mtafute wakili mapema. Na wakubwa wa ukoo waanze kuamkiwa kabla fomu haijanunuliwa.

Hati ilipotoka, jirani yetu wa ukuta mmoja, mwanamke asiyezungusha maneno, alikuja kuiona. Akaisoma kuanzia juu mpaka muhuri, akampa mama hongera, kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nimejinyoosha mkekani.

"Haya, nyumba sasa ni ya mama yako kwa karatasi. Wewe unahama lini?"