Bi Tochi, anayeyawahi magari kabla hayajaamka

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Bi Tochi ameshapiga goti mbele ya gari kubwa la kifahari ambalo yeye mwenyewe hana ndoto ya kulinunua. Yadi ya magari haijafagiliwa bado. Anaweka kiganja juu ya boneti na kukiacha hapo, kama mama anayepima homa ya mtoto, halafu anatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Baridi," anasema. "Halijawashwa. Tunaweza kuanza."

Lingekuwa na uvuguvugu wowote, angefunga mkoba wake na kurudi nyumbani. Ameshafanya hivyo mara nyingi, na wenye yadi wamemzoea kwa ukaidi huo. Gari lililopashwa moto kabla mkaguzi hajafika, anasema, ni sawa na mgonjwa aliyemeza dawa ya maumivu akiwa njiani kwenda kwa daktari. "Utamuuliza wapi panauma, na yeye anakuchekea?"

Ana umri wa miaka hamsini na miwili, na kazi yake ni kukagua magari yaliyotumika kwa niaba ya watu wanaotaka kununua lakini wanaogopa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Jina la Bi Tochi limetokana na tochi anayoivaa shingoni hata jua likiwa la utosi. Alianza kama fundi wa kushona viti vya magari, kwenye gereji ambayo mumewe alikuwa fundi wa injini.

"Yeye alishika injini, mimi nikashika viti," anasema huku akicheka. "Tukakutana katikati, kwenye giaboksi."

Kwa wiki hukagua magari manne, matano ikizidi sana. Katika kila kumi, saba huyakataa. Madalali wengine wakimwona anaingia hugeuza njia, na mmoja alishawahi kumwita mkosi mbele za watu. Malipo ya gari moja humtosha kwa unga, mafuta ya kupikia na sehemu ya dawa za mumewe kwa wiki. Wiki isiyo na gari, anakiri, huwa ndefu.

Swali lake la kwanza si bei, wala si kilomita. Huuliza: "La mwaka gani?"

Kilomita, anaeleza, mtu anaweza kuzirudisha nyuma kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana. Mwaka hauna mchezo huo. Umeandikwa kwenye kitambaa kidogo kilichoshonwa chini ya mkanda wa kiti, umeandikwa pembeni ya kila kioo, na hakuna mjanja anayekumbuka kubadilisha kote. Hayo aliyajua tangu enzi za sindano na uzi, alipokuwa akifungua viti vya watu.

Mteja wa leo amemtajia mwaka kabla hajaulizwa. Ni dereva mstaafu wa miaka sitini na moja, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inasimama yenyewe. Amewaendesha wakubwa wa kampuni moja kwa miaka thelathini na moja, na sita ya mwisho aliimaliza ndani ya gari la aina hii hii, la mwaka huu huu wa 2010, la rangi hii hii nyeusi. Alilitafuta kwa miezi minane. Mkewe amesimama karibu na geti, mkoba ameushika kwa mikono miwili.

"Mafao yangu ndiyo haya, yamekuja mara moja na hayarudi," dereva anasema. "Nikikosea hapa, fundi, sina pengine pa kuanzia."

Bi Tochi anamuuliza kwa nini asitafute gari dogo, lisilokula mafuta. Mzee anaangalia upande wa geti na kushusha sauti.

"Nimewafungulia wakubwa mlango wa nyuma miaka thelathini na moja. Huyu mke wangu sijawahi kumfungulia hata siku moja. Nilimwahidi nikistaafu atakaa nyuma, kwenye kiti kile kile, na mimi nitamwendesha."

Ukisikia maneno kama hayo alfajiri, na chai hujanywa, unaombea tu gari liwe zima.

Gari si zima. Bi Tochi ameliona tangu anaingia, ila hakutaka kusema. Anapenyeza vidole kati ya tairi la mbele na bodi iliyo juu yake, na vinaingia vinne. Anazunguka nyuma, upande wa kushoto. Vinaingia viwili, tena kwa kulazimisha.

"Linachuchumaa," anamwambia mwandishi kwa sauti ya chini. Magari ya aina hii, anafafanua, hayakai juu ya springi za chuma. Hukaa juu ya mifuko ya mpira iliyojazwa upepo. Mfuko ukichoka, upepo huvuja usiku kidogo kidogo, na asubuhi gari hukutwa limelalia upande mmoja. Ukiliwasha, pampu hujaza upepo, na baada ya dakika mbili limesimama wima kama askari wa gwaride. Mteja anayekuja saa nne hatajua lilivyolala.

Anatoa simu na kupiga nyumbani.

Mumewe, ambaye mafundi wenzake walimbatiza Fundi Sikio, alipata kiharusi miaka mitatu iliyopita. Mguu na mkono wa kulia vikagoma. Masikio yakabaki kama yalivyokuwa. Saa hizi huwa amekaa kwenye kiti chake dirishani, anasubiri simu hii.

"Umeamka, mume wangu?"

"Nimeamka tangu jana. Weka karibu, wawashe."

Bi Tochi anashusha simu hadi karibu na injini. Mwenye yadi, bwana mnene mwenye maneno mengi, kwa mara ya kwanza ananyamaza na kuwasha. Kwa sekunde tatu hivi unasikika mchakacho mkavu, halafu injini inatulia na kunguruma kwa upole.

"Mnasikia ilivyotulia?" Dereva mstaafu anatabasamu hadi gego linaonekana. "Ndiyo lenyewe! Sauti ile ile!"

Kwenye simu Fundi Sikio anamkatiza: "Mwambie azime. La mwaka gani hilo?"

"La kumi."

"La kwanza la umbo hili." Fundi Sikio anashusha pumzi. "Cheni ya ndani imelegea. Na miguu umeiangalia?"

"Nimeiangalia. Wa nyuma kushoto."

"Basi mwambie taratibu, mke wangu. Mwambie taratibu."

Umbo hili, kama wawili hao wanavyolijua kutokana na magari yaliyopita mikononi mwao, liliingia sokoni na maradhi mawili: cheni ya ndani ya injini na mifuko ya upepo. Matoleo ya miaka miwili ya mwanzo karibu yote waliyokutana nayo yalikuwa hivyo. Kuanzia la 2012 vipuri hivyo vilikuja vimebadilishwa. Ndiyo maana Bi Tochi yuko radhi kupitisha la kumi na tatu lililotembea sana kuliko la kumi lililokaa kwenye kivuli.

Anamweleza mzee hayo yote. Mzee hakubali hata chembe.

"Fundi, hili gari nalijua kuliko ninavyojijua. Miaka sita halikuniangusha."

Bi Tochi habishi. Anageuza kreti tupu la soda, anakaa, na kumkaribisha mzee kwenye kreti jingine.

"Kaka, hiyo miaka sita, likienda gereji nani alikuwa analipeleka?"

"Ofisi. Mimi kazi yangu ilikuwa kukabidhi funguo tu. Napewa jingine la akiba, safari inaendelea."

"Ulikabidhi funguo mara ngapi?"

"Aah, mara chache. Ile ya uwanja wa ndege, lilipolala bosi akapanda teksi." Anainua kidole. "Na ile ya mvua." Cha pili. "Na wiki ya mkutano mkuu. Na lile la akiba nilikaa nalo mwezi mzima, kwani ilikuwa mwaka gani ule..." Mkono wa kwanza unakwisha. Anaanza wa pili. Anapofika kidole cha nane anasimama, anavitazama vidole vyake.

"Sikuwahi kuona risiti hata moja," anasema mwishowe. "Lilikuwa linaondoka linaumwa, linarudi limepona. Mimi nikadhani ni gari zuri."

Anaingiza mikono mfukoni. Ni kosa ambalo dereva wa wakubwa pekee angeweza kulifanya, na Bi Tochi halicheki. Mzee machozi yanamlenga.

"Hapa ndipo kazi hii inaponiuma," Bi Tochi anasema baadaye. "Mtu anakuja na furaha yake ya miaka, mimi ndiye wa kumvua. Ningeweza kufumba macho. Ila huyu akiharibikiwa baada ya miezi mitatu, nani atamlipia? Hana ofisi tena."

Mwenye yadi anachukua ufagio. "Bi Tochi, siku moja utanifungisha biashara," anasema, lakini hasemi kwa ubaya, na bei haitaji tena.

Mke wa dereva amesikia kila kitu. Anakuja taratibu, anasimama mbele ya mumewe.

"Kwani nani alikuambia nataka kukaa nyuma?"

Mzee anainua uso.

"Miaka yote unarudi nyumbani unanisimulia wale wakubwa wako," mama anaendelea. "Wamekaa nyuma na magazeti yao, hawakusemeshi hata neno toka asubuhi mpaka jioni. Sasa na mimi nikakae huko, nikunyamazie? Nimekukosea nini?"

"Nilitaka nikufungulie mlango, bibie."

"Nifungulie wa mbele."

Mzee anacheka. Anacheka mpaka anatoa kitambaa na kujifuta macho, na kitambaa kinakaa usoni muda mrefu kuliko kicheko. Bi Tochi anajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Wanakubaliana atafutiwe gari lolote, hata dogo, mradi mwaka wake uwe mzuri na kiti cha mbele kiwe kizima. Wanaondoka kwa miguu, mama ameshika mkono wa mumewe, anamkemea kwa jambo jingine kabisa.

Bi Tochi anawasindikiza kwa macho. "Wamenikumbusha mbali," anasema. Kwa miaka ishirini na miwili yeye na mumewe walifanya kazi kwenye gari moja, mmoja mbele, mwingine ndani, wakizozana kupitia kioo. Siku hizi kila asubuhi anamwacha dirishani, na wanazungumza kwenye simu.

Ana mpango. Nyuma ya nyumba yao kuna uwanja unaotosha magari mawili, na jirani amekubali kuwakodishia. Kinachokosekana ni sakafu ya zege na geti pana. Anataka magari yaletwe jioni, yalale kwao, asubuhi yakutwe yamepoa, na mumewe aweke sikio lake mwenyewe kwenye boneti. Fedha za zege amefikisha nusu. Dereva mstaafu, alipousikia mpango huo, alisema hatanunua gari lolote ambalo halijalala hapo. Amengoja miaka thelathini na moja, akasema, hawezi kushindwa na miezi michache.

"Toka kiti cha mume wangu mpaka litakaposimama gari ni hatua kumi na nne, nimezipima," anasema Bi Tochi. "Mwezi uliopita alikuwa anafika nne, anachoka. Jana kafika tisa. Geti bado sijanunua, lakini mwenzangu ameshaanza safari."