Dawa Niliyoificha Jina

Siku yangu ya kwanza kwenye dirisha la dawa, katika hospitali moja ya wilaya huku pwani ya Tanga, Mfamasia Mkuu alinipa bunda la bahasha na kalamu. "Andika jina la dawa, kipimo chake na inatibu nini. Halafu mwambie mtu kwa mdomo." Nikaitikia. Kumbe sikuwa nimesikia.

Miaka ikapita, nikaizoea kazi, na mazoea yakanitia kiburi. Akaja mama mmoja wa Ushongo na cheti cha daktari wa magonjwa ya akili. Bintiye Mwanaidi, miaka saba, alikuwa akikurupuka usingizini kwa mayowe, macho kodo, hata mamake hamjui. Asubuhi hakumbuki kitu. Watoto wengi huacha wenyewe wakikua. Lakini huyu alishafungua mlango akakimbia hadi kisimani, ndipo daktari akamwandikia imipramini, nusu kidonge kabla ya kulala. Ni dawa ya sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyoondoka, ila madaktari wengine waliitumia pia kwa watoto wa namna hiyo.

"Dokta, mwanangu kawa mwendawazimu?" mama akaniuliza, machozi yakimlenga.

"Hata! Hii ya kumlaza tu." Nikaandika kwenye bahasha: usingizi. Nilimhurumia, basi.

Wiki haikuisha, asubuhi nikamwona kambeba mtoto begani, kalegea kama nguo iliyolowa. Mayowe hayakukoma, mama akaongeza kidonge, kisha kingine. Ya kulaza tu, ina ubaya gani? Dawa ile ikizidi huvuruga moyo. Siku mbili manesi walimpima mapigo wodini. Alipona, alhamdulillahi. Daktari akaisimamisha dawa, akawaambia waweke komeo juu ya mlango na wamwamshe muda mfupi kabla ya saa yake ya kukurupuka.

Mfamasia Mkuu hakunifokea, afadhali angenifokea. Mama ndiye aliyenimaliza. "Ungeniambia ni kali, ningeichezea?"

Tangu hapo sikuficha jina la dawa hadi nikastaafu. Mwaka uliofuata mume wangu akafariki. Nikawa silali, sili, sitaki mtu. Daktari akaniandikia dawa, nikaenda kuichukua dirishani kama wagonjwa wengine.

"Shikamoo, bibi," akaniamkia binti wa pale.

"Marahaba, mwanangu."

Akanisogezea bahasha. "Hii ya kukusaidia kulala tu."

Lo! Nikamrudishia. "Andika sonona. Ndiyo ninayoumwa."

Akaandika. Nikaisoma, nikalia palepale dirishani, mara ya kwanza tangu maziko.