Sadaka Iliyoishia Kizingitini

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila mguu wangu unapokufa ganzi, mwanangu, na moyo hunienda mbio kama wa yule msichana niliyekuwa.

Ilikuwa Kisarawe, miaka ya vijiji vya ujamaa. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka shule ya bweni kule Kibaha, nikamkuta mama yangu hawezi tena kusimama. Ugonjwa wake ulikuwa wa kuja na kuondoka: mara jicho linaingia giza, mara linaona, miguu inakufa, kisha inapata uhai nusu. Daktari wa Dar es Salaam alituambia ni mishipa ya fahamu, na kwamba hauambukizi. Leo wanauita kwa Kiingereza multiple sclerosis. Majirani waliuita jini. Nami, pamoja na sayansi yangu ya darasani, nilijifinya vidole kila asubuhi kuhakikisha havijafa.

Watu hawakutunyima. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Walileta vyakula, lakini kwanza walivizungusha juu ya vichwa vya watoto wao, wakanong'ona, "Balaa liende," wakaviacha kizingitini na kuondoka bila kugeuka nyuma.

"Nani huyo?" mama aliuliza siku hiyo.

"Mama Shani, jirani. Ameleta wali."

"Umezungushwa?"

Nilivuta shuka, nikamfunika miguu.

"Mpaka lini tutakula balaa za watu?"

Shule ilikuwa karibu kufunguliwa. Nikienda, nani angemgeuza kitandani? Nilikuwa nimekwisha kuikunja sare yangu nimpe mwingine, niache shule, ndipo Bi Tatu, shangazi yake marehemu baba, alipopiga hodi. Aliliokota bakuli la wali pale kizingitini, akaketi kitandani kwa mama, akala tonge moja, la pili akamlisha yeye. Kisha akapaza sauti dirishani.

"Wewe Mama Shani! Wali umefika, mwenyewe umekwama njiani? Na yako miguu imekufa?"

Mama alicheka. Tangu nifike sikuwa nimemsikia akicheka.

"Naogopa, shangazi. Nina mtoto mdogo," Mama Shani alijibu kutoka nje.

"Hata mimi naogopa. Ingia tuogope pamoja. Mgonjwa hataki wali tu, anataka zamu. Kesho ya nani?"

Mama Shani alirudi mpaka kizingitini. Hatimaye akavua ndala, akavuka.

"Kesho yangu," alisema.

Wengine wakamfuata, nami nikarudi Kibaha. Mama hakutembea tena, ila kila likizo nilimkuta ameogeshwa, amegeuzwa, na ana umbea wa kijiji kizima.

Mwanangu, wapo wanafunzi wanaosoma huku roho zao zimebaki kando ya kitanda cha mzazi, na wengine ugonjwa umo miilini mwao wenyewe. Wachangie ada, wapelekee chakula. Lakini usitoe ili ubaya upite mbali nawe. Ingia ndani, uulize ni zamu ya nani. Wala usingoje hofu iishe. Yangu haijaisha mpaka leo.

Mungu akujaalie miguu ya kukufikisha kwenye milango hiyo. Na siku miguu hiyo itakapogoma, akuletee mtu atakayevua ndala na kuingia.