Mwewe wa Kreni Ajifunza Kushuka

Saa moja asubuhi, ukungu bado umeshika nusu ya mnara, na mama mmoja mwenye kofia ya njano anapanda ngazi ya chuma bila kutazama chini. Akifika kibandani anafuta kioo, anashika wenzo, anasema redioni: "Haya wazee, nani ana mzigo?"

Mzigo ni nondo. Zinapaa taratibu, zinatua ghorofa ya tisa kama mtoto anayelazwa kitandani.

Mafundi humwita Mwewe. Ana miaka arobaini na sita, na kumi na moja kati ya hiyo ameimalizia huko juu. Kabla ya hapo alibeba zege kichwani kwenye ujenzi kama huu. Leo mshahara wake ni mara tatu ya ule, na ndio uliosomesha wanawe wawili.

"Dereva mwanamke kwenye kampuni hii ni mimi peke yangu," anasema, kidevu juu. "Na miaka yote hiyo sikuwahi kushuka kabla zamu haijaisha."

Hakushuka hata kwenda haja. Asubuhi hakunywa chai wala maji, mchana alibana. Wanaume, anasema, wana chupa zao huko juu, yeye hawezi. "Na nikishuka watasema mwanamke kashindwa. Basi nikabana. Ikawa sifa."

Sifa hiyo nusura imnyang'anye kiti kabisa. Mwaka huu, siku ya kupimwa afya, alitoka kwenye kreni moja kwa moja hadi zahanati ya kampuni, anatweta, amebana tangu alfajiri. Mashine ya presha ikasoma 172 kwa 104. Kanuni ya kampuni ni kwamba anayezidi 160 hapandi. Fomeni akamtaka akabidhi funguo, na kiti akapewa mtu mwingine siku hiyohiyo.

"Nililia chooni kama mtoto," anasema, kisha anacheka. "Lakini angalau chooni nilifika!"

Aliporudi zahanati kuchukua kofia aliyoisahau, muuguzi alimkalisha, akamwacha atulie, akampima tena: 150 kwa 94.

"Mama, ulikuwa umebana mkojo?"

"Mwanangu, mimi nabana tangu wewe uko shule."

Muuguzi hakucheka. "Kuna mishipa ya fahamu inaitwa simpathetiki. Hiyo ndiyo king'ora cha mwili," anaeleza. "Ukikutana na nyoka, inaharakisha moyo, inabana mishipa ya damu, presha inapanda. Hatari ikipita, inapoa. Sasa kibofu kilichojaa nacho kinawasha king'ora hichohicho. Ongeza ngazi, ongeza hofu ya kupoteza kazi."

Lakini hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Hata baada ya kutulia presha ilikuwa juu, na vipimo vya siku zilizofuata vikasema hivyohivyo. Presha anayo. Daktari alimwandikia vidonge, akampunguzia chumvi, akaweka na sharti: ikitulia atarudi kazini, ila anywe maji, na katikati ya zamu ashuke.

"Vidonge nilikubali. Kushuka ndiko kulikonishinda," anasema. "Nikamnunia mume wangu siku mbili, kinyozi wa watu, hana kosa. Akaniambia, 'Mke wangu, heri wakucheke uko hai.'"

Wiki sita baadaye mashine ikasoma 134 kwa 84. Funguo zikarudi. Siku ya kwanza tu, saa tano, kreni ikasimama, mafundi wakainua macho. Mwewe anashuka.

"Vipi, mabawa yamechoka?" mpiga ishara akamchokoza.

"Mwewe hashuki bure, shemeji. Anatafuta kifaranga. Kaa vizuri nisije nikakubeba wewe!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Kesho yake dereva wa kreni ya pili, baba mwenye kifua chake, naye akashuka. "Kumbe alikuwa anasubiri mtu aanze," anasema Mwewe.

Kwa ombi lake, choo kinajengwa karibu na mguu wa mnara. Bado anamdai fomeni dereva wa kumpokea katikati ya zamu, na hachoki kumkumbusha. Tayari wanawake wawili wanaobeba zege wamemwomba awafundishe.

"Nataka siku nikistaafu niwaache hao kwenye viti hivi," anasema, akifunga mkanda wa kofia. "Wote wawili wana mikono mizuri. Ila nitakayemkuta anabana ili aonekane shujaa, huyo simfundishi."