Jinsi ya Kumuua Don Facundo

Kwa miaka minane soko letu zima lilikuwa likisubiri kifo cha Don Facundo, na kwa wiki tatu mimi nikawa kiongozi wa wale waliotaka asife. Siombi radhi. Nauza mboga, meza yangu inapakana na kibanda cha supu cha Nang Choring, kwa hiyo nitakayosema niliyaona kwa macho yangu, na mengine niliyasababisha mwenyewe.

Nang Choring, yaani dada Choring, jina kamili Melchora Sumagaysay, anapika batchoy, ile supu ya tambi yenye maini na uboho. Hakuwahi kuolewa, na ole wake anayeuliza kwa nini. Zamani vitabu vya katuni vilikuwa vikija sokoni kila wiki, vikatundikwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, nasi tukavikodi na kuvisoma papo hapo tukiwa tumebanana kwenye benchi. Vilipoacha kuja, wengi wetu tuligeukia televisheni. Choring alinuna mwezi mzima. Kisha akanunua daftari la shule, kalamu na rula, akaanza kuchora hadithi yake mwenyewe. Kila Jumamosi sura moja, nakala moja tu, imebanwa kwenye kamba juu ya masufuria. Hakumtoza mtu chochote. Masharti yalikuwa mawili: nawa mikono, na usimsimulie mwenzako kabla hajasoma. La kwanza lilivunjwa kila wiki. Madaftari ya mwaka wa tatu mpaka leo yananuka kitunguu saumu.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya mjane aitwaye Adela, aliyenyang'anywa shamba na Don Facundo, tajiri wa miwa asiye na haya wala Mungu. Sasa, sura ya Don Facundo haikushuka kutoka mbinguni. Yale masharubu, zile nyusi, kile kidoti chini ya jicho, vyote vilikuwa vya Nong Islaw, yaani kaka Islaw, kinyozi wa ng'ambo ya njia, mgane mpole anayewaomba radhi watoto kabla ya kuwanyoa. Tulidhani atakasirika. Wapi! Alivimba kichwa.

"Choring, wiki hii sijamdhulumu mtu hata mmoja," alikuja kulalamika. "Nimekukosea nini?"

"Wiki iliyopita ulichoma nyumba mbili. Pumzika."

"Basi nipe farasi. Tajiri gani hana farasi?"

"Miguu ya farasi inanishinda. Utatembea kama maskini wenzako."

Ndivyo walivyoishi miaka yote, kutwa kurushiana maneno, na sisi tukivunjika mbavu.

Mwezi mmoja kabla ya sikukuu ya mtakatifu wetu, Choring alitangaza kwamba Jumamosi ya sikukuu Don Facundo atakufa. Watu walipiga makofi mpaka paka wakakimbia. Wiki ileile Nong Islaw akarudi kutoka hospitali ya mjini na karatasi mkononi. Alikuwa na uvimbe karibu na ini, na angepasuliwa Jumatatu, siku mbili baada ya sikukuu. Daktari hakumficha. Huenda angetoka salama, huenda asingetoka.

Nilipiga hesabu ya siku. Nikamfuata Choring palepale.

"Nang, lisemwalo lipo, kama halipo laja. Jumamosi umchore maiti, halafu Jumatatu alale mezani kwa daktari? Simbako, Mungu apishe mbali!"

Nilikuwa nimejiandaa kubishana naye mpaka jioni. Haikuhitajika. Kalamu alikuwa ameshaiweka chini kabla sijamaliza.

Jumamosi iliyofuata Don Facundo aliugua mafua. Jumamosi ya pili alipona mafua. Benchi likanung'unika, muuza nyama akasema hata supu imepoteza ladha. Mimi nilipita kwa kila mmoja nikimweleza sababu, wengi wakanielewa, na waliokaidi niliwatolea uvivu. Nilijiona nimeokoa maisha ya mtu.

Kumbe mwenyewe hakuulizwa. Siku tano kabla ya sikukuu Nong Islaw alivuka njia na aproni yake, nywele za wateja zimemjaa mabegani.

"Choring, mafua?"

Choring akakoroga supu isiyohitaji kukorogwa.

"Nimengoja miaka minane, unanipa mafua? Nani kakutuma?"

Choring akanitazama. Rafiki wa aina gani huyo!

"Pacing?" Nong Islaw akanigeukia.

"Nong, ni kwa sababu tunakupenda."

"Mnanipenda, ndiyo maana mnaninyima mwisho wa hadithi? Yaani nikifa Jumatatu, nife na mafua ya Don Facundo kichwani?"

"Usiseme hivyo!" Niligonga mbao ya meza mara tatu.

"Niseme nisiseme, uvimbe haujui kusoma." Kisha akamwambia Choring, polepole, "Nataka kuona nilivyokufa. Na nife vizuri, tafadhali. Ni mara moja tu."

Basi Choring akajaribu. Alimtumbukiza Don Facundo kwenye pipa la maji ya miwa yanayochemka. Nong Islaw akaitazama picha, akatikisa kichwa: "Mimi ni mtu au sukari guru?" Alimfanya aumwe na nyoka. "Hicho ni kifo cha wasio na viatu." Alimpiga risasi. "Na huyu aliyepiga ni nani? Simjui, hanijui, ananiua kwa lipi?"

Tulicheka, lakini nilipoyafungua yale madaftari kwa utulivu kicheko kilinitoka. Picha zilikuwa mbovu. Mistari ilitetemeka, na katika vifo vyote vitatu Don Facundo alikuwa ametugeuzia mgongo. Kwa miaka minane Choring aliichora sura ile bila hata kuinua macho kumtazama mwenyewe. Sasa mkono ulikuwa umegoma. Nilimhurumia, na nilijionea haya, kwani hofu yangu ndiyo niliyompa aongezee kwenye yake.

Ijumaa mchana Nong Islaw alifunga kibanda chake cha kunyolea akamwita Choring. Nilikwenda pia; hakuna aliyenialika wala aliyenifukuza. Alikuwa ameinamisha nyuma kile kiti chake cha kunyolea ndevu, amelala chali, shuka jeupe mpaka kidevuni, mikono kifuani, macho kayafumba.

"Nitazame," alisema. "Kisha uchore."

Choring akakaa kwenye benchi la wateja, daftari magotini. Akachora paji la uso, akachora nyusi. Kalamu ikasimama. Lile shuka lilikuwa likipanda na kushuka.

"Acha kupumua," alisema.

"Siwezi. Nimeshazoea."

Sikucheka. Choring alikuwa ameanza kulia, kilio kile cha mtu asiyejua kulia, pua na mabega.

"Sitaki ufe, Islaw," alisema. "Na simzungumzii Don Facundo."

Nong Islaw hakufumbua macho. Nilisikia pikipiki ikipita nje, nikatamani niwe niko juu yake, niende mbali, maana hapo hapakuwa na nafasi ya mtu wa tatu.

"Nimesikia," alijibu hatimaye. "Na mimi sitaki. Haya, chora, shingo inaniuma."

Akachora.

Jumamosi ya sikukuu benchi halikutosha, ikabidi nisome kwa sauti huku nikiinua kila ukurasa watu waone. Don Facundo ameachwa na wote. Amekaa barazani peke yake, ardhi yote anayoiona mbele yake ni yake, na hakuna wa kumletea maji. Anayekuja na maji ni Adela. Don Facundo anampa hati ya shamba alilomnyang'anya na hawezi kumtazama usoni. Kwenye ukurasa wa mwisho amekufa, na Adela anamfumba macho, kisha anamnyoosha masharubu. Hakuna kiputo hata kimoja chenye maneno.

Watu waliomlaani miaka minane walilia. Muuza nyama alipenga kamasi kwenye aproni, akadai ni pilipili. Na katikati yao Nong Islaw alikuwa anakunywa supu yake, akiwatazama mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Nikaelewa alichokuwa akikitazama. Ni wangapi waliojaliwa kuona watakavyoliliwa?

Akaomba bakuli la pili. "Masharubu umeyapinda kushoto," alimwambia Choring. "Lakini ni kifo kizuri."

Jumatatu kibanda cha supu kilifungwa, jambo ambalo halikutokea hata siku ya kimbunga. Choring alimpeleka hospitali yeye mwenyewe. Mimi niliwasha mishumaa miwili kanisani, mmoja wa Nong Islaw na mmoja wa Don Facundo, na anayetaka kucheka acheke.

Walimpasua kwa saa nne. Uvimbe ulitoka wote. Daktari alisema atakuwa anamchunguza kila baada ya miezi mitatu, na kwamba kwa sasa hana la kumtisha.

Alirudi sokoni baada ya siku kumi na moja, amekonda, suruali ameifunga kwa kamba. Benchi zima likasogea kumpisha, lakini hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye masufuria.

"Don Facundo kwaheri," alisema. "Sasa nichore mimi. Nikiwa hai."

Choring alifuta mikono, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto, kisha tena wa kulia.

"Mtu hai ana kazi," alisema. "Hatulii. Leo yuko hivi, kesho vile. Itanichukua miaka."

Nong Islaw akavuta stuli akakaa mbele yake.

"Ndiyo maana nimekuja mapema."